Somo: Msusi uliye peke yako Moshi, soma hapa kabla ya kunifuata inboksi

Haya maswali nayajibu kila wiki, sasa nayaandika mara moja. Ni kwa anayesuka bila msaidizi.

1. TIN (namba ya mlipakodi): TRA, mamlaka ya mapato, wanatoa bure. Usimlipe mtu.

2. Leseni ya biashara: nenda Manispaa.

3. Fremu (chumba cha biashara): ulizia maji na luku (mita ya umeme) kabla ya kutoa kodi ya miezi sita. Draya ya wati 1000 ikiwaka saa nzima inakula uniti moja, kwa hiyo luku ya kuchangia italeta ugomvi na jirani.

4. Vifaa: kiti, kioo, draya, chanuo, taulo. Vingine vitanunuliwa na kazi.

5. Bei na advansi (malipo ya kutanguliza). Hapa someni taratibu, maana wasusi wenye mikono mizuri wanafunga fremu kwa sababu ya hatua hii. Ukiwa peke yako unachouza ni saa zako. Chukua mfano: notilesi (msuko usioanza na fundo) nyembamba ya 35,000 inakula saa saba. Toa rasta (nywele bandia) za 12,000 ulizonunua wewe, inabaki 23,000, yaani kama 3,300 kwa saa. Twende kilioni (mistari ya kurudi nyuma) ya 10,000, nywele zake mwenyewe bila rasta, saa mbili: 5,000 kwa saa. Panga bei ukiwa na saa ukutani, usinakili ya jirani.

Halafu advansi. Desemba watu wanarudi nyumbani Kilimanjaro kula Krismasi, kila mtu anataka kusukwa wiki hiyo hiyo. Asiyetuma advansi usimwandike. Iwe inatosha kununua rasta zake, na mwandikie ujumbe: siku, saa, mtindo, rangi, bei. ONYO: hela hiyo ni ya rasta, usinunulie unga. ONYO la pili: usiwape wateja wawili saa moja. Aliyekaa kwenye benchi mpaka mchana harudi, na mtaa mzima utajua.

6. Daftari: andika kila siku, hata ukipata mteja mmoja.

MASWALI

— Dada naomba bei za mitindo yote.
Hatua ya 5.

— Advansi huku kwetu hawatoi, labda huko kwenu Shanty Town.
Niko Majengo, na wanatoa. Unaiomba pale anapoulizia nafasi. Ukisubiri akae kwenye kiti, hiyo siyo advansi tena.

— Daftari la nini na biashara yenyewe ndogo?
Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi ya mapato. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu za mauzo analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Ukiuza milioni 5 ni 30,000. Daftari lako limekuokolea 70,000.

— Shikamoo dada. Nina mteja nywele za mbele zimekatika, ana vipele kwenye ukingo, na bado anataka nimsuke kwa kubana. Nikikataa ataenda kwa mwingine.
Marahaba mdogo wangu, umeuliza la maana. Vile vipele ni mizizi inayovutwa. Ikivutwa miaka, inakufa na nywele hazioti tena. Mpe kioo cha pili aone mwenyewe. Mshauri mistari mikubwa, rasta chache, na ukingo wa mbele uuache kabisa. Akisema inauma, fumua hapo hapo, usimwambie atazoea. Na kama ametoka kuweka dawa ya kulainisha nywele, asubiri wiki mbili ndipo umsuke. Akienda kwingine akaumia, atakumbuka nani alimwambia ukweli. Wateja wangu wa kudumu wengi walianza hivyo.

— Mimi nachomea ncha za rasta kwa kiberiti, kuna shida?
Acha. Tumia maji ya moto: taulo nene mabegani, rasta zikusanye kwa bendi, ncha uzichovye kwenye jagi la maji hayo, jagi ulishike wewe mwenyewe kwa chini, mteja asiligeukie.

— Jagi la plastiki linafaa?
La kunywea juisi linalegea. Chukua la bati lenye mpini, na usilijaze, nusu inatosha.