Kabla Hujafunga Amplifaya na Sabufa Kwenye Gari

Chomoa kwanza waya wa hasi wa betri. Spana namba 10, dakika moja, basi. Fundi akikuambia hakuna haja, mwambie gari ni lako.

Usinunue amplifaya kwa kusoma namba kubwa ya kwenye boksi. Angalia fyuzi zilizopachikwa ubavuni mwake. Ukikuta mbili za ampea 25, jumla ni 50. Zidisha kwa volti 13.8 za gari linalounguruma, unapata wati kama 690 zinazoingia, na sehemu yake inaishia kuwa joto. Sasa hizo wati 2000 zilizoandikwa nje zitatoka wapi? Tafuta kipimo cha RMS kwenye kijitabu, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo, hicho ndicho ulinganishe na spika zako.

Omu, kipimo cha ukinzani wa spika, nazo zinaunguza watu. Kwenye amplifaya ya chaneli nne, wengi hufunga spika za milangoni chaneli ya 1 na ya 2, halafu chaneli ya 3 na ya 4 zinabrijiwa, yaani zinaunganishwa ziwe moja, kuendesha sabufa. Zikibrijiwa, amplifaya nyingi hazitaki chini ya omu 4, kwa sababu kila chaneli inaona nusu tu ya omu hizo. Sabufa mbili za omu 4 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 2: mziki utapiga vizuri sana siku ya kwanza, kisha amplifaya itachemka na kujizima, au itakufa kabisa. Ukizifunga kwa mfululizo ni omu 8, salama, ila nguvu inapungua. Mimi hushauri sabufa moja yenye koili mbili za omu 2, uzifunge kwa mfululizo upate 4. Pima kwa mita kabla hujachomeka. Ya omu 4 husoma 3 na ushee, usishtuke.

Kwangua waya wa umeme kwa kisu dukani kabla hujalipa. Ndani ukiwa mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba. Uache.

Sasa fyuzi kubwa ya waya mwekundu, ule unaotoka betri kwenda kwenye amplifaya. Hii ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, na hapa usikubali kubembelezwa. Nilikuwa na Starlet nyeupe, na fundi aliyenifungia mziki alitoboa tundu kwa drili kwenye bati linalotenga injini na sehemu ya kukaa, akapitisha waya hapo bila kuweka mpira. Fyuzi akaifunga nyuma kwenye buti, kando ya amplifaya, eti ndiko nitakakoifikia kwa urahisi. Nikamlipa na kumshukuru.

Miezi miwili mambo safi. Jioni moja tuko kwenye foleni Ubungo, mvua inanyesha, vioo vimefungwa, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Mke wangu akapandisha miguu kwenye kiti: moshi ulikuwa unatoka chini ya dashibodi upande wake. Nikazima redio. Nikazima gari, ufunguo nimeushika mkononi, na moshi unazidi. Waya ule unatoka betri moja kwa moja. Swichi haina habari nao. Nikafungua boneti nikabaki nimesimama, spana sina. Aliyetuokoa ni dereva wa bodaboda aliyetoa spana chini ya siti yake akalegeza hasi ya betri.

Tulipofunua kapeti, waya ulikuwa umeyeyuka karibu urefu wa mkono mzima, na ukingo wa lile tundu ulikuwa umeukata mpaka kwenye shaba, kidogo kidogo, kila gari lilipotikisika. Nikaenda kufungua buti. Ile fyuzi ilikuwa nzima, kioo chake hakina hata doa. Shoti ilipiga kati ya betri na fyuzi, kwa hiyo umeme wa shoti haukuwahi kuifikia. Fyuzi hiyo kazi yake ni kulinda waya, na waya unaanzia kwenye betri.

Kwa hiyo: mpira kwenye kila tundu la bati, na fyuzi iendane na unene wa waya. Geji ndiyo kipimo cha unene, namba ndogo ni waya mnene: geji 4 ya shaba tupu, ampea 100. Geji 8, usizidi 50. Ikikatika usiizibe kwa kipande cha waya, itafute sababu.

Ethi, waya unaotoka amplifaya kwenda kwenye bodi, iwe fupi, nene kama waya mwekundu, na rangi ya bodi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae. Nyaya za RCA, zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya, zipite upande mwingine wa gari, mbali na waya wa umeme, la sivyo utasikia mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Geini, kile kitufe cha kulinganisha amplifaya na redio, si sauti, usiizungushe mpaka mwisho. Sabufa ibaki na sauti nzito za chini ya hezi 80 hivi, spika za mlangoni zibaki na zilizo juu ya hapo.

Amplifaya isifunikwe na nguo wala mizigo, isikae mahali maji ya mvua yanapotuama, na usipige mziki saa nzima injini ikiwa imezimwa. Beba mtungi wa kuzimia moto ambao haujapitwa na muda, na spana namba 10 iwe mahali mkono unafika. Siku ya kwanza piga mziki nusu saa, kisha pitisha kiganja juu ya waya mwekundu kutoka mbele hadi nyuma. Ukigusa mahali penye joto, zima na ufungue upya.