Namna ya kuona seli inavyotafuna ncha za DNA iliyokatika

Nyuzi zote mbili za DNA zikikatika, seli iliyo kwenye awamu ya S (inaponakili DNA) au G2 (kabla ya kugawanyika) si lazima ikimbilie kuunga. Kimeng'enya MRE11 kikisaidiwa na protini CtIP hukata uzi unaoishia 5' (kila uzi una ncha mbili, 5' na 3'), vimeng'enya EXO1 au DNA2 huendelea kuutafuna, na uzi wa 3' hubaki mtupu, yaani bila mwenzake. Uzi huo mtupu ndio unaotafutwa hapa.

Otesha seli juu ya vioo vyembamba, kisha zipe BrdU (kemikali ambayo seli huiingiza kwenye DNA inaponakili) ya mikromolari 10 kwa muda wa mzunguko mmoja kamili, yaani saa 24 kwa aina nyingi. Funika sahani kwa karatasi ya alumini: DNA yenye BrdU hukatika kwa mwanga, na mikato hiyo itakudanganya.

Piga mionzi ya grei 5 (kipimo cha mionzi) ili kukata DNA, rudisha seli kwenye nyuzi joto 37 kwa saa moja. Suuza kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) baridi, weka sabuni ya Triton X-100 ya asilimia 0.5 juu ya barafu kwa dakika 5 ili protini zisizoshikana na DNA zitoke, kisha zikaze seli (fixation) kwa paraformaldehidi ya asilimia 4, dakika 15. Mimina kwa upole ukutani mwa kisima (tundu la sahani), kwani seli zilizo kwenye mitosisi (zinazogawanyika) ni za duara na hung'oka upesi.

Sasa pahala wengi wanapoharibu: usiweke asidi. Itifaki za kawaida za BrdU hutumia asidi kuachanisha nyuzi. Ukifanya hivyo hapa, kila kiini kitang'aa. Kingamwili ya BrdU, inayoishika na kung'aa kwenye darubini, haifikii BrdU iliyofichwa kati ya nyuzi mbili, na ndiyo maana madoa yanayong'aa kiinini yanamaanisha uzi mtupu.

Kioo kimoja tu, cha kulinganishia, kitie asidi hidrokloriki ya molari 2 kwa dakika 30. Kisipong'aa, huenda BrdU haikuingia, na kazi yote irudiwe. Weka pia kioo kisichopigwa mionzi, maana seli za S zina nyuzi tupu kidogo kwenye urudufishaji wa kawaida, na kingine ambacho CtIP imezimwa kwa siRNA (RNA fupi inayozuia jeni kutengeneza protini yake). Humo madoa yapungue sana.

Paka rangi saiklini A (protini inayopatikana katika S na G2) pamoja na BrdU, kwa kingamwili za wanyama tofauti, uhesabu seli zenye saiklini A pekee, angalau 100 kwa kila kioo. Katika G1 (awamu kabla ya S) nguvu ya CDK, vimeng'enya vinavyoendesha mzunguko wa seli, ni ndogo, CtIP haipati fosfeti yake, na protini 53BP1 pamoja na shildini hukinga ncha zisitafunwe. Ukichanganya seli za G1 hesabuni, tofauti ya kweli itamezwa.