Goti la fundi tailizi: namna ya kuishi na meniska iliyochakaa

Nina miaka 51, na 26 kati ya hiyo nimeimaliza nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu za watu, kuanzia Mbagala mpaka Kigamboni. Goti langu la kulia halikuumia kwa kishindo. Nilikuwa nabandika vigae vya jikoni, nikajizungusha kuchukua kigae huku mguu umekunjwa chini yangu, kikalia kitu ndani: ta! Nikamaliza kazi yangu. Kesho yake goti lilikuwa limevimba kama embe dodo, na kuchuchumaa chooni ikawa mtihani.

Hospitali wakasema ni meniska. Kila goti lina mbili, vipande vya gegedu, yaani mfupa mlaini, vyenye umbo la mwezi mchanga, vimekaa kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Fundi mwenzangu ataelewa nikisema ni kama gundi chini ya kigae: ikienea vizuri kigae kinabeba hata friji, ikiacha uwazi kinapasuka. Kijana huchanika meniska kwa ajali, uwanjani kwa mfano. Sisi tuliovuka 40 inachakaa polepole na kuachia nyuzi kama mkeka wa zamani, na kazi ya magoti inaiharakisha. Tena damu inafika ukingo wa nje tu. Sehemu ya ndani haipati, ndiyo maana ikichanika huko haijiungi yenyewe.

Utaitambuaje? Pitisha kidole pale mifupa miwili inapokutana, mara nyingi upande wa ndani wa goti. Ukipata mahali panapouma, na maumivu yanazidi ukijizungusha, ukichuchumaa au ukishuka ngazi, ishuku meniska. Eksirei haiionyeshi. MRI, kile kipimo cha picha cha mashine ya sumaku, inaionyesha, lakini usikimbilie kuuza bodaboda ili uilipie: watu wengi wa rika letu wana mchaniko na hawaumwi popote. Daktari akikushika goti vizuri na kukusikiliza, mara nyingi inatosha kuanza tiba.

Mimi nilitaka nipasuliwe, yaishe. Dada wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, akanisimulia jambo lililonituliza. Mwaka 2013 madaktari wa Ufini walitoa matokeo ya wagonjwa 146 wenye meniska zilizochakaa. Nusu walipunguzwa kipande kilichochanika, nusu wakaingizwa chumba cha upasuaji na kuachwa na meniska yao vilevile, bila kujua. Baada ya mwaka, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu sawasawa. Basi nikakubali mazoezi, kwa shingo upande.

Siku za mwanzo ni kulipunguzia goti mzigo na kuweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hivi. Diklofenaki, dawa ya maumivu, nilikuwa nainunua kama peremende mpaka tumbo likaanza kuwaka; ulizia kwanza, hasa kama una vidonda vya tumbo, presha au figo. Na hili la bamia, eti maji yake yanarudisha ute wa goti: kunywa maji ya bamia kama unayapenda, lakini ule utelezi unaishia kwenye njia ya chakula, hauna njia ya kwenda gotini.

Uvimbe ukipungua, kazi yenyewe ni paja. Kaa chini, nyoosha mguu, weka kanga iliyokunjwa chini ya goti, uikandamize huku umekaza paja, hesabu mpaka kumi, achia. Mara kumi, asubuhi na jioni. Ukizoea, lala chali ukunje mguu ulio mzima, inua ule mbovu ukiwa umenyooka, kimo cha ndoo, ushushe taratibu. Baadaye inuka na kukaa kwenye kiti bila kushika popote, kisha panda na kushuka kidaraja kimoja. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika. Goti likivimba kesho yake, umezidisha, rudi nyuma hatua moja. Mimi wiki tano za kwanza sikuona kitu, nikakaribia kuacha. Mwezi wa tatu nilipanda ghorofa ya pili nimebeba boksi la vigae na nikagundua nilipofika juu kwamba sikulifikiria goti.

Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, mbovu hutangulia kushuka. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima, wengi wanakosea hapo. Ukitaka kugeuka, sogeza nyayo kwanza, usizungushe goti huku mguu umeganda sakafuni. Chooni nimeweka kiti cha plastiki nilichokitoboa katikati. Msikitini naswali kwenye kiti, na imamu wetu alinieleza kuwa mgonjwa ana ruhusa hiyo.

Ila goti likikwama kabisa, halinyooki hata ukilibembeleza, usimpe mkandaji alivute. Mimi nilimpa mmoja, nikalala wiki nzima. Hapo kuna uwezekano kipande kimejipenyeza katikati ya kiungo, na huyo ndiye mgonjwa ambaye kisu kinaweza kumfaa. Nenda hospitali. Nenda siku hiyohiyo pia kama goti ni la moto na una homa, au limevimba ghafla baada ya kuanguka na huwezi kulikanyagia.

Kazi sijaacha. Vile vidude vya kuvaa magotini vinalinda ngozi, lakini ndani mkunjo unabaki uleule, kwa hiyo nimejitengenezea kigoda chenye magurudumu, nabandika nimekaa, miguu mbele. Kila dakika 20 nasimama. Kona za nyuma ya choo ndizo bado zinanipigisha magoti, na hizo namwachia kijana wangu.