Kupandisha sloo ya piki ya stanti bila kuua injini

Ukiona msee anazungusha piki duara kwa gia ya kwanza, mikono yote hewani, na piki haizimi wala haimtoroki, jua kuna skrubu moja ilikazwa kabla apande. Sloo imepandishwa. Sloo ni ule mngurumo injini inajishikilia nao yenyewe ukiachilia resi kabisa, na kwa piki nyingi za cc 125 na 150 tunazoendesha huku, Boxer, TVS, Honda na zile za Kichina, ikiwa sawa inakaa kama mizunguko 1,300 hadi 1,500 kwa dakika. Hiyo inatosha kusimama steji ukingoja abiria. Kwa stanti inakuwa chini, ju ukiwa kwa wili, mbele imeinuka unatembea na tairi ya nyuma, unashikilia piki na breki ya nyuma na resi umefunga karibu yote, injini inazidiwa inazima, na mbele inashuka kwa kishindo kabla ujipange.

Kitu ingine ni ule mshtuko wa kufungua na kufunga resi. Sloo ikiwa chini, kila ukifungua kidogo piki inaruka, ukifunga inavuta nyuma, na ukitembea polepole na tairi moja hiyo inatosha kukuangusha. Ikipanda, injini inavuta mfululizo na mkono wako unafanya kazi ndogo.

Sasa, vijana wengi huku Kisumu wanapandisha sloo kuficha ugonjwa. Piki inazimazima, mtu anakaza skrubu, inanyamaza, anasema imepona. Fundi mmoja wa Kondele aliletewa piki ya hivo, sloo juu na bado inapanda na kushuka yenyewe, mwenyewe anataka ikazwe zaidi ndio aende kupiga wili. Mzee hakugusa skrubu. Alichukua maji ya sabuni kwa chupa ya kunyunyizia, akapiga kwa ule mpira unaounganisha kabureta na injini, na mngurumo ukabadilika hapo hapo. "Omera, hii si sloo, hii ni hewa." Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini penye jicho halifiki. Hewa ikiingia nyuma ya kabureta petroli inakuwa kidogo kwa ile hewa iliyoingia, injini inachoma kavu, inapata moto, na resi inakwama juu hata ukiachilia. Ukiongeza sloo juu ya hiyo hali unajitafutia kuchoma pistoni. Na usifanye hiyo tesiti na petroli, watu hufanya, eksozi iko moto hapo kando.

Kwa hivo kwanza piki ikae vizuri kwa sloo ya kawaida. Osha airi klina. Toa plagi uiangalie: ikiwa rangi ya kahawia hafifu uko sawa, nyeusi yenye masizi petroli ni mingi, nyeupe ni kavu. Tapeti, ile nafasi ndogo ya valvu, zipimwe injini ikiwa baridi, kwa vipimo vya piki yako (zile injini zilizoigwa Honda CG nyingi ni milimita 0.08), ju tapeti iliyobana sana inafanya sloo iyumbe na utazungusha skrubu hadi jioni bila kupata. Waya ya resi iwe na uchezaji wa milimita mbili hadi sita pale kwa mkono. Alafu washa piki, kunja usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Mngurumo ukipanda ukikunja, waya ni fupi ama imepitishwa vibaya, na hiyo kwa stanti ni hatari sana ju utakuwa umekunja usukani wote na piki inajiongezea resi peke yake.

Injini lazima iwe moto. Endesha dakika kumi hivi, usiiwashe tu hapo nyumbani imesimama. Asubuhi ya Nakuru na ile baridi yake ukirekebisha piki bado haijapata moto, saa sita utashangaa sloo imepanda kuliko vile uliacha. Choki irudi yote. Weka stendi kubwa, nyutro.

Kwa kabureta kuna skrubu mbili na watu huzichanganya. Ya sloo ni ile kubwa kiasi yenye springi, iko kwa ubavu, kwa piki zingine ina kichwa unaweza zungusha na vidole. Kazi yake ni kuinua kile kipande kinachofunga njia ya hewa, ikae wazi kidogo hata ukiachilia resi. Ukikaza kulia inapanda, ukilegeza inashuka. Ya pili ni ndogo, imezama, hiyo ni ya kuchanganya hewa na petroli. Ikiwa upande wa airi klina kawaida inapima hewa, ukikaza petroli inazidi. Ikiwa upande wa injini inapima petroli, ukikaza inakuwa kavu. Angalia yako iko wapi kabla uishike.

Hiyo ndogo ikaze polepole mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, andika pahali. Usiibane, ncha yake ni nyembamba na ikiharibika unanunua kabureta. Alafu irudishe vile ilikuwa, ikiwa hujui anza na mzunguko mmoja na nusu hadi miwili. Washa, anza kuizungusha robo robo, ukingoja kidogo kila mara injini ijibu, hadi upate pale inapounguruma juu kabisa na laini. Ukipata, sloo itakuwa imepanda, ishushe na ile skrubu kubwa mpaka kawaida, rudia tena mara moja. Piga resi haraka uachilie: inafaa irudi chini bila kuchelewa na bila kuzama karibu kuzima. Ikining'inia juu bado ni kavu. Ikizama, petroli imezidi.

Hapo ndio msingi. Chukua kuteksi ya dada yako, chora mstari mdogo kwa kichwa cha skrubu ya sloo na mwingine kwa kabureta vikutane. Sasa unajua nyumbani ni wapi.

Kupima mizunguko, Boxer nyingi hazina mita ya injini, na masikio yanadanganya, haswa ukishatoa eksozi ya kiwanda. Kuna vimita vidogo vya dijitali, vina waya unaviringisha juu ya waya ya plagi, ndio hivo tu. Kitu ya kujua ni kwamba injini ndogo nyingi za CDI (kile kiboksi cha umeme wa plagi) zinapiga moto kila mzunguko, hata kama petroli inachomwa mzunguko mmoja ndio mmoja la, kwa hivo mita iseti moto mmoja kwa mzunguko mmoja, la sivyo itakuonyesha namba mara mbili ama nusu.

Kupandisha yenyewe ni kidogo kidogo. Mimi naona ukianza, 1,800 hadi 2,000 inatosha sana kwa piki ya 150. Kaza robo, piga resi mara mbili, angalia, kaza tena. Ukifika 2,000 nenda kwa uwanja, tia gia ya kwanza, achilia klachi yote bila kugusa resi, uone inatembea mwendo gani. Klachi ikiwa imeshika mwendo unafuata mizunguko sawasawa, ukipandisha sloo mara mbili piki nayo inatambaa mara mbili, na hiyo ndio hesabu ya mazoezi: duara ndogo inataka mwendo mdogo, kwa hivo si kila trik inataka sloo juu sana. Wale wa piki kubwa za cc 600 wanaenda 2,500, 3,000 na kupanda, lakini wao wameweka sproketi ya nyuma ya meno 60 hivi ama zaidi, ndio mizunguko iko juu na piki bado inatambaa, na pia wana maji na feni ya kupooza. Boxer inapozwa na upepo tu. Ukiiweka 2,500 jua la Kisumu la saa nane, piki inazunguka pahali pamoja, hakuna upepo, utasikia harufu ya oili kabla ujue kuna shida. Kila baada ya dakika chache iendeshe moja kwa moja ipate hewa ama izime.

Oili ndio wengi husahau. Injini hizi ndogo nyingi zinabeba kama lita moja tu, na ukisimamisha piki wima ile oili inakimbilia nyuma, pampu inaweza vuta hewa, na kuna ingine inapanda kwa paipu ya kupumulia hadi airi klina. Pima kabla na baada. Kabureta nayo inachanganyikiwa wima, petroli inahamia upande mmoja wa kikombe na floti, kile kiboya cha kufunga petroli, haijui ifunge ama ifungue, kwa hivo piki ikizima kila ukifika juu kabisa lakini chini iko poa, hiyo haiponywi na sloo hata ukikaza mpaka springi ilie.

Kabla upande jaribu swichi ya kuzima. Wenye kufanya hii kazi kwa makini wanafunga kamba mkononi, ukianguka inavuta swichi injini inakufa, ju piki ya sloo juu ikianguka na gia ndani haingoji mtu. Breki ya nyuma ijaribiwe pia, ile ya dramu ikipata moto inalegea, na ndio kitu pekee inakurudisha chini ukizidisha. Helmeti, glavu, buti. Na iwe uwanja mtupu umeruhusiwa na mwenyewe, barabara ya kwenda Mamboleo si pahali pa mazoezi.

Piki za klachi ya yenyewe, zile ndogo za gia bila leva ya klachi na skuta, hizi usipandishe. Klachi zao zinashika mizunguko ikipanda, utawasha kwa nyutro, uingize gia, piki iende bila wewe. Hata kwa piki ya klachi ya mkono, kuingiza gia ya kwanza kutoka nyutro na sloo juu inapiga kishindo na inakula meno ya gia, heri uwashe ikiwa tayari kwa gia na klachi umeshika.

Ukimaliza, rudisha skrubu kwa mstari wa kuteksi kabla ufike barabarani. Sloo juu inapunguza ule mvuto wa injini unaosaidia kupunguza mwendo, na ukifika kwa matuta na abiria nyuma utahisi piki inasukuma wakati unafunga.

Mwisho ni kwa wale wanaosafiri na piki. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru ni kama 1,850. Hewa ya Nakuru ni nyepesi, kwa hivo kabureta iliyosetiwa Kisumu ikifika huko petroli inazidi, sloo inashuka na plagi inaanza masizi. Usikimbilie skrubu kubwa. Gusa ile ndogo kwanza, robo mzunguko upande wa kukausha, iache iungurume kidogo, alafu ndio uangalie kama sloo bado iko chini. Ukishuka tena Kisumu rudisha hiyo robo, ju ukiiacha hivo utakuwa unachoma kavu kwenye joto.