Somo: Kuchunguza Mimea na Ndege katika Bustani ya Jiji Mwishoni mwa Majira ya Baridi

Wengi hudhani kwamba bustani imelala katika majuma ya mwisho ya baridi. Kwangu mimi huo ndio wakati bora wa kuanza kujifunza, kwa kuwa miti haina majani, ndege hana pa kujificha, na siku zinazorefuka zimekwisha kuanza kuwaamsha viumbe hata kama theluji ingali ardhini.

Hatua ya kwanza. Chagua njia fupi inayopita penye miti mikubwa, vichaka na maji, kisha uirudie ileile kila juma, mapema asubuhi. Darubini ya 8×42 inafaa sana: 8 ni kiasi cha ukuzaji, na 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita.

Hatua ya pili. Usikimbilie ndege, simama kwanza mbele ya mti mmoja na utazame matumba yake. Fraxinus excelsior (mti uitwao ash kwa Kiingereza) hutambulika kwa matumba meusi yaliyokaa mawili mawili, yakielekeana. Aesculus hippocastanum (mti uitwao horse chestnut kwa Kiingereza) ana matumba makubwa ya kahawia yanayonata, na chini ya kila tumba lipo kovu la jani lililoanguka, lenye umbo la kwato na vidoa vidogo ambavyo ni alama za mirija iliyolipelekea jani maji. Lakini mmea ninaoupenda kuliko yote msimu huu ni Corylus avellana (hazel kwa Kiingereza). Maua yake dume huning'inia kama vishada vya njano, wakati ua jike ni tumba dogo lenye nyuzi nyekundu za milimita chache tu, ambalo wapita njia karibu wote hawalioni. Chavua yake huchukuliwa na upepo, na kuchanua kabla ya majani kunaiwezesha kupita bila kizuizi.

Hatua ya tatu. Sikiliza kabla ya kutazama. Parus major (ndege mdogo aitwaye great tit kwa Kiingereza) huanza kuimba mapema, akirudiarudia sauti mbili, ya juu na ya chini. Majini, bata wengi wamekwisha kupata wenzi, nao huogelea wawili wawili.

Hatua ya nne. Andika palepale tarehe, saa, hali ya hewa na tabia uliyoiona.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

Swali: Mwalimu, kigong'ota anapogonga mti kwa kasi, je, anatafuta wadudu?
Jibu: Ugongaji wa haraka, unaozidi mapigo 10 kwa sekunde, ni tangazo la kumiliki eneo na kumwita mwenzi. Anapotafuta chakula hugonga polepole, bila mpangilio, na mara nyingi huchokonoa gome.

Swali: Nitajuaje kwamba tawi halijafa?
Jibu: Tazama kama matumba yamejaa na kama gome halijasinyaa. Tafadhali usilivunje wala kulikwaruza, maana mti huo ni wa watu wote.

Swali: Niwakaribie ndege kwa umbali gani?
Jibu: Ndege mwenyewe ndiye atakayekuambia, ndugu yangu. Akiacha kula na kuinua kichwa, rudi nyuma taratibu. Wakati huu chakula ni haba na akiba ya mafuta mwilini mwake ni ndogo, kwa hiyo kila anaporushwa bila sababu hutumia nguvu anazozihitaji ili aumalize usiku wa baridi.