Bidhaa Mbovu Kutoka Ng'ambo: Namna ya Kudai Pesa Ukiwa Mombasa

Kwanza, kwenye tovuti uliyonunulia usibofye kitufe cha kuthibitisha umepokea mzigo kabla hujaujaribu. AliExpress hukupa siku 15 baada ya hapo kulalamika. eBay siku 30 tangu mzigo ufike. Ukilipa kwa PayPal, si zaidi ya siku 180 tangu ulipe. Muuzaji akikubembeleza usubiri "kidogo tu", jua anazihesabu siku hizo.

Pili, hakikisha kosa si la umeme wetu. Kenya tunatumia volti 240. Blenda ya Marekani iliyoandikwa 120V pekee itaungua ukiichomeka ukutani, na kama maelezo ya bidhaa yalisema hivyo, huna dai. Chaja iliyoandikwa 100-240V haina shida. Usiuweke mzigo miezi ndani ya boksi pia: hewa ya bahari hushikisha vyuma kutu, na kutu hiyo utaambiwa ni yako.

Tatu, ushahidi. Rekodi video moja isiyokatwa: anza na stika yenye namba ya mzigo, kata utepe, toa kifaa, kiwashe, onyesha kasoro. Video ikianzia kwenye kifaa kilicho mezani, muuzaji atasema umebadilisha.

Nne, fungua dai ndani ya tovuti yenyewe, si kwa WhatsApp, maana mazungumzo ya nje msuluhishi wa tovuti hayaoni. Chagua sababu ya "bidhaa haifanani na maelezo". Ukichagua kwamba umeghairi, nauli ya kurudisha huwa juu yako. Andika mistari minne: namba ya oda, kilichoahidiwa, kilichokuja, unachotaka. Omba pesa bila kurudisha bidhaa. Kwa kitu cha bei ndogo wauzaji wengi hukubali, kwani nauli yaweza kuzidi thamani yake.

Hapa ndipo wengi huteleza: muuzaji anasema, "Funga dai kwanza, nitakutumia pesa." Usifunge. Kwenye PayPal dai lililofungwa halifunguki tena, na usipolipandisha kwao ili waamue wenyewe ndani ya siku 20 hujifunga lenyewe.

Ikibidi kurudisha, pata anwani kwa maandishi, kwa sababu ile ya kwenye stika mara nyingi si ya kupokelea marejesho. Nenda Posta Kuu, Barabara ya Digo, na boksi ambalo hujalifunga, wakitaka kulikagua lisichanwe. Kwenye fomu ya forodha ya CN23 weka alama kwenye kisanduku cha bidhaa zinazorudishwa na uandike thamani halisi. Ukiishusha, mzigo ukipotea fidia nayo itashuka. Pawabenki usijisumbue nayo: betri za lithiamu zilizo peke yake hazipokelewi kwenye posta ya ndege. Tuma kwa EMS, huduma ya haraka ya posta, upate namba inayoanza na E na kuishia KE, kisha iweke kwenye dai siku hiyohiyo. Kifurushi kisicho na namba, kwa muuzaji, hakikutumwa.

Ukipewa kuchagua kati ya kifaa kingine na pesa, chukua pesa. Kifaa kipya kitapita tena mikononi mwa KRA, na huenda ukatozwa ushuru mara ya pili.

Mwisho, kadi uliyolipia usiifute, hata ikiwa ile ya mtandaoni ya M-Pesa, maana pesa hurudi kwa njia iliyotokea. Muuzaji akikaidi, peleka ushahidi uleule benki na udai malipo yabatilishwe. Hesabu zako zifanye kwa dola; shilingi zitakazoingia hufuata kiwango cha siku ya kurudishiwa.