Rafu ya santuri kwa bodi moja ya plaiwudi

Baba alipofariki alituachia makatoni 11 ya santuri chini ya kitanda chake, hapa hapa Ngamiani, Tanga. Kubwa za inchi 12 zilikuwa 214, ndogo za mwendo wa 45 (mizunguko 45 kwa dakika) zilipita 380, na mlikuwamo sahani 16 za mwendo wa 78 alizorithi kwa mama yake. Ndogo nyingi ni taarabu ya mjini kwetu, vikundi vya Black Star na Lucky Star, zenye lebo ya Mzuri ya Mombasa. Alikuwa akivuka mpaka wa Horohoro kuzifuata. Nyuma ya kila jalada kaandika kwa wino tarehe aliyoinunua na mtu aliyekuwa naye siku hiyo.

Rafu ya kwanza niliagiza kwa fundi. Alitumia ubao wa maranda yaliyoshindiliwa, unene milimita 15, akauvusha sentimita 120 bila nguzo katikati. Siku nilipozipanga zilipendeza. Masika ilipofika ule ubao ukanywa unyevu, ukanepa, santuri zikalaliana upande mmoja. Nilipokuja kupiga santuri ya Mbaraka Mwinshehe ambayo baba aliipenda kuliko zote, sindano ilikuwa inapanda na kushuka kama ngalawa kwenye mawimbi. Haijanyooka mpaka leo. Baada ya hapo nikaamua ya pili nitaijenga kwa mikono yangu, na nimeijenga. Naeleza jinsi nilivyofanya ili mwingine asipoteze nilichopoteza mimi.

Rafu yenyewe ina safu tatu, kila safu ina vyumba vitatu, ndiyo mashubaka: safu mbili za chini ni za santuri kubwa, ya juu ni ya ndogo. Kabla ya kununua chochote, jua uzito. Nilichukua santuri kubwa 50 na majalada yake nikaziweka kwenye mzani wa duka la jirani: kilo 12 na nusu. Shubaka lenye upana wa sentimita 35 linabeba kama 80, kwa hiyo kilo 20. Mashubaka sita ni kilo 120, ongeza ndogo za juu, unafika kilo 150. Hiyo ni mifuko mitatu ya saruji, imesimama sebuleni usiku na mchana, mwaka hadi mwaka. Rafu ya vitabu vya shule haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Jalada la santuri ya inchi 12 lina kama sentimita 31 na nusu kila upande. Nimeweka kimo cha shubaka sentimita 34, ili vidole vipate pa kuingia juu, kina 33, na upana 35. Usishawishike kuongeza upana. Shubaka pana ndilo linalozaa ubao kunepa na santuri kulala. Kwa zile ndogo za 45 nimeweka safu moja ya juu yenye kimo cha sentimita 21.

Nilitumia plaiwudi ya milimita 18, bodi moja kamili ya futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Iangalie ubavuni kabla ya kulipa: matabaka yawe yameshikana bila matundu, na ukiilaza chini pembe zote nne ziguse sakafu. Nilipeleka kwa seremala mwenye mashine ya msumeno, mzee mmoja mtaratibu. Akaniuliza, "Mwanangu, unaweka vyombo?" Nikamwambia ni santuri za baba. Akazima mashine, akaanza kunitajia nyimbo. Kisha akakata kwa uangalifu ambao sikuwa nimeulipia.

Mkato wenyewe ni huu. Kwa urefu wa bodi, toa vipande vitatu vya upana wa sentimita 33. Mwambie fundi avikate vyote kabla hajasogeza kipimo cha mashine, maana tofauti ya milimita mbili utaiona hadi mwisho. Meno ya msumeno nayo yanakula karibu milimita 3 kila mkato, ihesabu. Kipande cha kwanza na cha pili, kila kimoja kinatoa mbao mbili za kulala zenye urefu wa sentimita 108.6, zinakuwa nne. Cha tatu kinatoa mbavu mbili, yaani mbao za kusimama za pembeni, za sentimita 96.2. Kinachobaki ni ukanda mwembamba wa sentimita 22 hivi. Usiuache dukani. Usawazishe uwe 21, kisha ukate vigawanyo: vinne vya kimo cha 34 na viwili vya kimo cha 21.

Nitaeleza kwa nini vigawanyo ni vyembamba kuliko rafu, kwa sababu watu wengi wanaokuja nyumbani huniuliza. Nimevisimamisha katikati ya kina, sentimita 6 mbele zimebaki wazi na 6 nyuma. Santuri zinaegemea vizuri, ubao unashikiliwa karibu theluthi mbili ya kina, na hewa inapita nyuma kutoka shubaka moja hadi jingine. Kwetu pwani hewa ni dawa. Shubaka lililozibwa pande zote huota ukungu, na ukungu ukishaingia kwenye karatasi ya jalada unabaki na harufu yake.

Kitako nimetengeneza kwa mtiki wa inchi 2 kwa 4, uliosimamishwa kwa ubavu: fremu ya sentimita 112 kwa 30, na vipande viwili vya kukatiza chini ya mstari wa vigawanyo. Mtiki tunao karibu, shamba la Longuza liko Muheza tu. Chagua kiini chenye rangi ya kahawia. Ile sehemu nyeupe ya pembeni mchwa wanaila kama mbao nyingine. Kama mtiki umekushinda bei, mninga utafaa, ila paina isiyotiwa dawa usiiweke chini kabisa. Hata na mtiki nilipaka oili chafu kwenye nyayo za fremu, upande unaogusa sakafu peke yake.

Kuunganisha kunahitaji gundi ya mbao, skrubu za sentimita 5 (za kufungia vijiti ziwe za 3, zisitokeze upande wa pili), drili yenye biti ya milimita 3, skwea, futi kamba na pima maji. Laza mbavu mbili sakafuni zikitazamana, uchore mistari ya mbao za kulala kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Chini ya kila mstari, isipokuwa ule wa chini kabisa, gundisha na kupiga skrubu kijiti cha sentimita 2 kwa 2. Ubao unakalia kijiti. Skrubu inaushika tu usitoke. Hapo ndipo fundi wangu wa kwanza alipokosea pia: uzito wote aliutundika kwenye misumari. Vigawanyo navyo vifunge kwa skrubu kutoka chini, na kichwani uvipachike kwa vijiti vya namna hiyo hiyo. Hakikisha cha juu kinakaa sawasawa juu ya cha chini, mstari mmoja hadi kwenye kitako, uzito ushuke moja kwa moja.

Toboa kwanza kila mahali pa skrubu. Ukiipiga kavu kwenye ubavu wa plaiwudi, matabaka yanapasuka na hutaweza kuyarudisha.

Kabla gundi haijakauka, pima kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe nyingine mbili. Rafu hii upana wake wote ni sentimita 112.2 na kimo, bila kitako, 96.2, hivyo mshazari unatakiwa uwe 147.8. Mimi nilipata 147.4 upande mmoja na 148.2 upande wa pili. Niliweka goti kwenye pembe ya mshazari mrefu, nikasukuma polepole, nikapima tena, mara tatu, mpaka zikalingana. Nikakaza kamba pande zote nikaiacha mpaka asubuhi.

Nyuma sikufunga bodi. Nimepigilia mbao za inchi 1 kwa 3 kwa kulala, moja kila safu, zikishikwa kwa gundi na skrubu mbili kila ubavu. Zinazuia rafu isiyumbe, zinazuia santuri zisitumbukie nyuma, na unene wake unaiweka rafu mbali kidogo na ukuta. Ukuta wangu unatoa jasho mwezi wa nne. Safu ya zile ndogo niliiongezea kizuizi ndani, sentimita 22 kutoka mbele, zisipotelee huko nyuma. Kisha ifunge rafu ukutani kwa vyuma viwili vya pembe, skrubu ndefu na plagi zake za plastiki. Nyumba yenye watoto, hili si la hiari.

Msasa namba 120, halafu 220, ukivunja makali ya mbele ya kila ubao, maana ndiyo yanayochana majalada. Vanishi mikono miwili. Halafu subiri. Nilisubiri wiki mbili, mpaka nikiingiza pua ndani ya shubaka nisisikie harufu ya kitu. Vanishi inayogusika kama imekauka bado inaweza kunasa karatasi.

Iweke kwenye ukuta usiopigwa na jua, si karibu na dirisha wala jiko. Sahani za bibi za 78 nimezipa shubaka la chini peke yao. Ni nzito, ni fupi, na hazipindi, zinavunjika. Ukizichanganya na kubwa, kubwa zinazielemea. Zinatoka katika desturi iliyoanza zama za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na ufa mmoja unatosha kunyamazisha kilichodumu miaka hiyo yote.

Zipange zikiwa zimesimama wima. Zisibanwe, mkono uweze kuchomoa moja bila kuburuta jirani yake, wala zisilegee zikaanza kuinama. Shubaka lisipojaa, weka kipande cha plaiwudi kilichobaki kiwe cha kuegemea. Zenye ukungu zipigie brashi laini kivulini kwanza, nje ya nyumba, na ubadilishe karatasi ya ndani kabla hazijakutana na wenzake.

Kila baada ya miezi michache natembeza rula ndefu chini ya kila ubao kuona kama umeanza kunepa. Masika mbili zimepita, rula inalala flati. Shubaka moja nimeliacha tupu. Mama mdogo yuko Pangani, ana katoni ambalo baba alimwazima, na ameniambia atakuja nalo baada ya Idi.